Ramadhani ya 9: Mtoto wa Idd, Amri ya Mahakama na Mlango wa Kukabidhiana



Waumini wenzangu wa Turiani, Madizini, Manyinga, Diongoya na Mtibwa, na ninyi mliohamia Morogoro mjini na Dar es Salaam lakini hamjatoka kwenye chaneli yetu, natumaini daku imeliwa na alfajiri imewakuta salama. Kaeni kitako, somo la leo ni refu kidogo. Ukishindwa kulimaliza sasa, limalizie baada ya tarawehe.

Siku nane zilizopita tumezungumza nia, funga, Qur'ani na zaka. Leo tunaingia mlango wa hadhana, yaani malezi ya mtoto baada ya wazazi kuachana, na hasa siku za sikukuu mtoto anapotoka kwa mama kwenda kwa baba, au kwa baba kwenda kwa mama. Najua kuna mtu atasema, "Shekhe, somo hili si ungengoja Idd ifike?" Hapana. Zimebaki kama wiki tatu kufika Idd. Wiki tatu unaweza kwenda mahakamani na ombi likapangiwa tarehe. Ukija kugonga mlango wangu usiku wa mwezi kuandama, mimi nitakuwa na dua tu ya kukupa.

*Kisa chenyewe*

Kisa hiki wenyewe wameniruhusu nikieleze. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili wasitambulike, kwa hiyo tafadhali msianze kukisia.

Baba ni mtu wa kuja, alifuata kazi ya miwa. Mama ni mwenyeji wa huku kwetu. Waliachana, wakafika mahakamani, mtoto wa kiume wa miaka sita akabaki kwa mama. Kuhusu baba, amri ilikuwa na sentensi moja tu: atamchukua mtoto siku za sikukuu. Basi. Haikusema sikukuu ipi, saa ngapi, wapi, na nani awepo.

Ramadhani ilipofika ya 29, baba alikuja jioni. Yeye anafuata mwandamo wa kimataifa, kwake kesho ni Idd. Mama anamsikiliza Mufti, kwake bado wanafunga. Baba anasema, "Mahakama imesema sikukuu, na sikukuu ni kesho, mtoe mtoto." Mama anasema, "Sikukuu bado, rudi kesho kutwa." Wote wawili wameshika amri ileile ya mahakama, na kila mmoja ana haki kwa jinsi anavyoisoma. Wajomba wakatoka ndani. Bodaboda aliyemleta baba naye akaingilia. Majirani wakatoa simu wakaanza kurekodi.

Mimi niliitwa katikati ya tarawehe. Nilipofika nilimkuta mtoto amekaa kwenye ngazi, ameshika mfuko wa plastiki wenye viatu vipya vya Idd. Alikuwa ametapika. Hakuna mtu aliyekuwa anamtazama, kwa sababu watu wazima wote walikuwa wanamgombania yeye.

Sasa nisikilizeni kosa langu. Usiku ule niliwakalisha, nikachukua karatasi ya daftari la madrasa, nikaandika makubaliano, wakatia saini, nikatia na mimi. Niliona nimefanya sulhu kubwa. Idd ile ikapita vizuri. Ilipofika Idd el Adh-ha, baba akamchukua mtoto kwa ile karatasi yangu, akakaa naye siku tatu zaidi, akasema karatasi haikutaja siku ya kumrudisha. Kweli, sikuitaja. Mama akaenda polisi na karatasi yangu, baba naye akaenda na amri ya mahakama. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto akazisoma zote mbili, akaniita, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Shekhe, mahakama imesema hivi, wewe umeandika vingine. Sisi tufuate ipi?"

Nilikosa jibu. Nia yangu ilikuwa njema, lakini niliweka amri ya pili juu ya amri ya kwanza, na mtoto akawa katikati ya karatasi mbili. Tangu siku ile nikaamua kujifunza jambo hili kabla sijalisemea, na leo nawafundisha nilichojifunza.

*Sayyidna Umar na mtoto wa Quba*

Msidhani ugomvi huu umeanza kwetu. Imam Malik katika Muwatta amepokea kisa cha Sayyidna Umar ibn al-Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa na mke wa Kiansari, wakapata mtoto, Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alikwenda Quba, akamkuta Asim anacheza kwenye uwanja wa msikiti. Akamshika mkono, akampandisha mbele yake juu ya kipando. Bibi yake mtoto, mzaa mama, akamfuata, wakagombania mtoto mpaka wakafika kwa Abu Bakr, ambaye wakati huo ndiye khalifa. Umar anasema ni mwanangu. Bibi anasema ni mwanangu. Abu Bakr akamwambia Umar amwache yule mama na mtoto. Umar hakurudisha neno.

Tulia hapo, msomaji wangu. Nataka uone mambo matatu.

La kwanza, Umar hakuwa baba mbaya. Alimwona mtoto wake, moyo ukamsukuma, akamnyanyua. Baba wengi wanaochukua watoto njiani au shuleni nao wanasukumwa na mapenzi. Mapenzi hayo Abu Bakr hakuyapinga, ila hayakutosha kumpa Umar haki ya kumchukua mtoto bila utaratibu.

La pili, wote wawili walikwenda kwa mwenye mamlaka ya kuhukumu. Bibi hakuita ukoo wake, na Umar, pamoja na nguvu na cheo chake, hakuondoka na mtoto.

La tatu, hukumu ilipotoka, Umar alinyamaza. Huyu ndiye Umar ambaye baadaye alitawala dola kubwa. Kama yeye alinyamaza mbele ya hukumu iliyomuuma, mimi na wewe wa Turiani tuna kiburi gani?

*Fiqhi yetu inasemaje*

Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na baba vilevile. Aya hiyo inazungumzia kunyonyesha na matumizi, lakini wanavyuoni wameichukua kuwa msingi mpana: mtoto asifanywe fimbo ya kumpigia mwenzako.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alijiwa na mama aliyetaka kunyang'anywa mtoto na baba yake, akamwambia yeye ana haki zaidi maadamu hajaolewa. Imo katika Sunan ya Abu Dawud. Na alijiwa tena na mama na baba wanaomgombania kijana aliyekwisha kujua mambo, akampa kijana mwenyewe achague, naye akashika mkono wa mama yake. Na walipogombania binti ya Hamza watu watatu, Ali, Jaafar na Zayd, Mtume alimpa Jaafar kwa sababu mke wa Jaafar alikuwa khaloo wa yule binti, yaani mama yake mdogo, akasema khaloo ana nafasi ya mama. Hii imo katika Bukhari.

Umeona? Kesi tatu, hukumu tatu zisizofanana, kwa sababu hali za watoto hazikufanana. Kwa hiyo mtu akikwambia "dini inasema mtoto ni wa baba, basi", mwambie arudi darasani.

Sisi wengi huku ni Mashafii. Kwa Mashafii mtoto akifikia umri wa kupambanua, karibu miaka saba, hupewa nafasi ya kuchagua. Akichagua kukaa kwa baba, baba hana ruhusa ya kumkata mtoto na mama yake, na mama ana haki ya kuja kumwona kila baada ya siku kadhaa. Vitabu vimekwenda mbali zaidi: baba asipopenda mama aingie nyumbani kwake, amtoe mtoto nje wakaonane. Kwa hiyo hili la kukabidhiana mtoto mahali pasipo nyumbani kwa mzazi yeyote si jambo la kizungu. Mafakihi walikwisha kuona kwamba mlango wa nyumba unaweza kuwa mahali pa vita.

*Sheria ya nchi inasemaje*

Hapa Tanzania Bara, kadhi wetu na masheikh wetu tunasuluhisha na kushauri, lakini amri ya malezi inayofunga kisheria inatolewa na mahakama. Zanzibar ni tofauti, kule Mahakama ya Kadhi imewekwa kwa sheria. Hili mlishike vizuri, kwa sababu wengi mnakuja kwangu mkidhani saini yangu ina nguvu ya hakimu. Haina.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema jambo la kwanza la kuangaliwa ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo mahakama inaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto akiwa na umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na desturi za jamii wanayotoka. Mtoto chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vizuri akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama inatakiwa ifikirie madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Kifungu cha 126 kinaipa mahakama uwezo wa kuweka masharti kwenye amri, pamoja na mtoto kumtembelea mzazi asiyekaa naye, kwa nyakati na muda unaofaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka wazi kwamba wazazi wakitengana, kuonana na mzazi mwingine na kukaa naye ni haki ya mtoto, isipokuwa pale inapovuruga masomo yake.

Haya, sasa kifungu ambacho watu wengi hawakijui: cha 133. Amri ya malezi haijajengwa kwa saruji. Mahakama inaweza kuibadilisha au kuifuta wakati wowote, mtu anayehusika akiomba, ikiridhika kwamba amri ilitolewa kwa maelezo ya uongo au kwa kukosea ukweli wa jambo, au kwamba hali imebadilika kwa kiasi kikubwa tangu itolewe.

Hali kubadilika ni kama nini? Mzazi amehama Turiani kwenda Dar. Mtoto ameanza shule. Mtoto anaumwa na anahitaji dawa kila siku. Kila makabidhiano yamekuwa ya matusi na kupigana. Mtoto amekaliwa siku zaidi ya zilizoamriwa. Mzazi kuoa au kuolewa tena nako ni hali mojawapo ya kuangaliwa, ila usidhani ndiyo hukumu yenyewe.

Na jambo hili liwekeni moyoni: mpaka mahakama ibadilishe, amri ya zamani inabaki na nguvu yake. Hakuna kujibadilishia. Mama huwezi kusema, "Hatoi matumizi, basi hamwoni mtoto." Baba huwezi kusema, "Sijamwona mtoto, basi sitoi matumizi." Matumizi ni haki ya mtoto, na kuonana na mzazi ni haki ya mtoto. Ukizuia moja kwa ajili ya nyingine, aliyeadhibiwa ni yuleyule mtoto mara mbili.

*Ukitaka amri ibadilishwe ufanyeje*

Rudi kwenye mahakama iliyotoa amri, ukiwa na nakala yake. Kama umeipoteza, karani atakuelekeza namna ya kuipata. Eleza kwa ufupi: amri ilisema nini, nini kimebadilika, unaomba nini badala yake. Usiandike kurasa kumi za makosa ya mwenzako tangu siku ya harusi. Hakimu anataka kujua mtoto anapata tabu gani na suluhisho lako ni lipi.

Beba ushahidi wa kawaida: tarehe, ujumbe wa simu, cheti cha hospitali kama kipo, barua ya mwalimu mkuu, shahidi aliyeona kwa macho. Na mwenzako atapewa nafasi ya kujibu, usikasirike. Hata kwa Abu Bakr pande mbili zilisikilizwa.

Tarajia afisa ustawi wa jamii aingie. Sheria inaitaka mahakama, inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto, ingawa haifungwi na ushauri huo. Afisa anaweza kufika kwako, akaangalia mtoto analala wapi, akaongea naye. Usimfundishe mtoto maneno ya kusema. Kwanza ni dhambi ya uongo, pili watoto hawajui kuigiza, atajulikana.

Kama huna uwezo wa wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au mahakamani. Na hata mkiwa mmeelewana wenyewe, msiishie kwenye karatasi ya shekhe kama nilivyowaponza wale. Ipelekeni mahakamani ikawe amri.

*Amri nzuri ya sikukuu ina nini*

Wale niliowasimulia walirudi mahakamani. Afisa ustawi aliongea na mtoto, ambaye wakati huo alikuwa ametimiza miaka saba. Hakusema anamtaka baba kuliko mama wala mama kuliko baba. Alisema anataka kwenda kwa baba Idd, lakini asichukuliwe mlangoni kwa bibi, kwa sababu pale watu wanagombana. Basi ombi likajengwa juu ya maneno hayo. Kutokana na kesi ile na nyingine nilizoziona, nawapa mambo saba ya kuombea.

1. *Mwezi.* Amri iseme Idd ni ipi. Kwa mfano: "Idd Mosi ni siku itakayotangazwa na Mufti wa Tanzania." Kama baba anafuata mwandamo mwingine, hiyo ni ibada yake na sigombani naye hapa, lakini kwa ajili ya makabidhiano iwe siku moja inayojulikana na wote. Usiandike tarehe ya kalenda kwa Idd, mwezi hausomi kalenda yetu. Na Idd zote mbili zitajwe, pamoja na likizo za Juni na Desemba.

2. *Saa ya kupokea na saa ya kurudisha.* Zote mbili. Kwa mfano, apokelewe Idd Mosi saa nne asubuhi baada ya swala, arudishwe Idd Pili saa kumi jioni. Karatasi yangu ilisahau saa ya kurudisha, mmeona matokeo yake.

3. *Mahali.* Pasiwe nyumbani kwa mzazi yeyote. Ofisi ya ustawi wa jamii ni nzuri, ila sikukuu inaweza kuwa imefungwa, kwa hiyo ulizeni mapema. Baraza la msikiti linafaa mahakama ikilikubali, hata kwa wazazi ambao mmoja wao si Muislamu. Kituo cha mabasi Madizini siku ya Idd hakifai kabisa, mtoto anapotea kwenye kelele.

4. *Msimamizi.* Atajwe ni nani, na wa akiba ni nani. Awe mtu anayekubalika pande zote mbili. Kazi yake si kuhukumu. Anaandika kwenye daftari: mtoto amefika saa ngapi, yuko katika hali gani, nani amempokea. Pande zote zinasaini, kila mtu anakwenda zake. Hakuna kuanza kukumbushana ya zamani pale.

5. *Wazazi wasikutane kama hawawezi kukutana.* Mmoja amlete mtoto robo saa kabla, aondoke. Mwingine aje baadaye. Msimamizi anakaa na mtoto hapo katikati. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililomaliza ugomvi wa wale wawili.

6. *Kuchelewa.* Wakati wa masika njia zetu za vijijini mnazijua, na siku za sikukuu mabasi hujaa. Amri iseme anayechelewa ampigie nani, na asubiriwe mpaka saa ngapi.

7. *Begi la mtoto.* Nguo, dawa, madaftari kama shule inakaribia kufunguliwa. Nguo alizonunuliwa na baba zikirudi kwa mama zisitupwe, na za mama zikifika kwa baba zisivuliwe mlangoni. Mtoto anaona.

Naongeza mawili ya adabu ambayo hayahitaji hakimu. Usirekodi makabidhiano ukaweka sitetasi, uso wa mwanao si ushahidi wa kuonyesha mtaa. Na usimtume mtoto ujumbe wa hela. Mkiwa na deni la matumizi, ongeeni ninyi au peleka kwa msimamizi. Mtoto wa miaka saba asiwe mkusanya madeni.

*Pale ambapo sulhu haifai*

Ndugu zangu, hapa naomba masheikh wenzangu na wazee wa baraza mnisikilize. Sulhu ni kheri, lakini si kila jambo ni la kusuluhishwa barazani. Kama kuna kipigo, kama mama ametishiwa kuuawa, kama mtoto anarudi na alama mwilini au anasema ameguswa vibaya, usimwambie mtu "subiri, Ramadhani hii, msamehe". Mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto polisi na ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Ipo pia simu ya bure ya kusaidia watoto, namba 116. Hapo suala linaweza kuwa zaidi ya kusimamia makabidhiano: mahakama inaweza kuombwa mtoto amwone mzazi yule mbele ya msimamizi muda wote, au kuonana kusimamishwe kwanza.

Na kwa upande wa pili, usimzushie mwenzako ubaya ili umnyime mtoto. Umefunga chakula na maji halali, kisha unafuturu kwa ushahidi wa uongo? Funga hiyo umebaki na njaa tu.

*Wajomba, shangazi na mabibi*

Sisi Waluguru, Wanguu, Wazigua na Wakaguru tunahesabu ukoo kwa mama. Mjomba kwetu ni mtu mzito. Baba anayetoka kabila linalohesabu kwa baba akifika kumchukua mtoto, wajomba wanamwona mwizi, na yeye anawaona wajomba wanaingilia. Kila mmoja anatenda kwa desturi yake. Sheria inaruhusu mahakama izingatie desturi, ila ustawi wa mtoto unatangulia.

Basi mjomba, uzito wako utumie vizuri. Wale wa kisa chetu, msimamizi waliyemkubali alikuwa mjomba mkubwa wa mtoto, mzee ambaye usiku ule wa kwanza alitoka ndani na fimbo. Baba mwenyewe ndiye aliyempendekeza. Alisema, "Yule mzee ni mkali, lakini hasemi uongo." Mzee alipoambiwa alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema atakubali kwa sharti moja, kwamba shangazi wa mtoto, dada yake baba, naye awepo, asije akaambiwa amependelea. Sasa wanakuja wote wawili na daftari moja.

Idd iliyopita nilipita barazani baada ya khutba. Mzee anaandika saa, shangazi anamfunga mtoto kamba za viatu. Mtoto akaniuliza kama na mimi nitasaini. Nikamwambia hapana, mimi nilishasaini mara moja, inatosha. Mzee akacheka.

*Kazi ya nyumbani*

Kama una amri ya mahakama ndani ya sanduku, itoe leo, isome tena, ujiulize maswali haya. Inasema saa ngapi? Inasema wapi? Inasema Idd ipi? Nani atakuwepo? Je, mwanangu mwenyewe anaijua siku hiyo itakavyokwenda, au anaisubiri kwa hofu? Ukikosa jibu la swali moja kati ya hayo, wiki hii nenda ustawi wa jamii au kwa karani wa mahakama. Tarehe ikipangwa baada ya Idd, basi fuateni amri iliyopo, mwombeni afisa ustawi awe shahidi, na mjiandae kwa Idd el Adh-ha.

Na kama huna tatizo hili, mshukuru Allah, kisha mtazame jirani yako. Ukisikia ugomvi wa mtoto, usitoe simu kurekodi. Mchukue mtoto umweke pembeni, mpe maji.

Kesi zenu binafsi msiziandike kwenye chaneli. Nipigieni au njooni baada ya alasiri, tuzungumze kwa siri.

Ewe Mola wetu, watoto hawa ni amana yako. Waliotengana wape adabu ya kutengana kwa wema, waliopewa hukumu wape moyo wa kunyamaza kama Umar, na wanaohukumu wape macho ya kumwona mtoto kabla ya kuwaona wazazi. Waliofarikiana kwa kudhulumiana, waongoze kwenye haki. Amin.

Kesho inshallah, Ramadhani ya 10: kulipa deni kabla ya kutoa sadaka.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.